Meno ya Kambale Mdomoni mwa Baba wa Bibi Harusi

Jumapili iliyopita niliwaacha mkono wangu ukiwa na gundi na mdomo wa Regis ukiwa wazi. Msomaji mmoja ameniandikia kwamba nimemkosesha usingizi wiki nzima. Pole, ndugu yangu. Mimi mwenyewe sijalala vizuri tangu siku ile.

Kwa wewe uliyeokota gazeti hili leo tu: naitwa Paulette Hudak. Nina miaka hamsini na minane, na kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa nikitengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha zahanati ya Daktari Amrhein, hapa Pittsburgh. Kaka yangu ana binti, Justine. Siku tatu za wiki huuza rangi za nyumba, na siku zilizobaki anatengeneza sinema ya kutisha iitwayo *Masharubu*. Kambale wakubwa kama watu wanatoka mtoni, wanapanda kwa njia ya mitaro mpaka mjini, wanauma watu. Aliyeumwa asubuhi, kufika saa ya chakula ameota masharubu na yeye anatafuta wa kumuuma.

Mimi ndiye fundi wa meno yao.

Nimeshawasimulia jinsi polisi walivyotujia kwa sababu ya mkono wa mpira tuliousahau mtaroni. Nimewasimulia pia jinsi mwigizaji wa kambale wetu mkuu alivyopata kazi mji wa Erie akaondoka na masharubu yetu. Aliyejitolea kuziba pengo ni Regis. Huyo nilikuwa mke wake miaka ishirini na sita, tukaachana miaka miwili iliyopita.

Basi. Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Jumamosi yake, saa nane mchana, Regis alitakiwa amshike mkono binti yetu Noelle na kumfikisha altareni.

"Shangazi," alisema Justine, "hii ni mara ya nne. Akinguruma tu, meno yanaruka."

"Asingurume."

"Kambale wa kutisha asingurume?"

"Kambale hangurumi, mwanangu. Wala hana meno ya namna hii."

"Wa kwetu anayo. Yabandike yashike, jua lisije likatukimbia."

Wenzetu hutisha watu gizani. Sisi tulikuwa tunatisha mchana kweupe kwa sababu jua halikodishwi.

Gundi ya kawaida ilikuwa imekwisha, kwa hiyo nilitembea hadi zahanati, mitaa mitatu, nikarudi na tyubu mbili. Ya buluu inashika kutwa moja, ukisukutua maji ya moto inaachia. Nyeupe ni ile ambayo daktari anabandikia jino la kudumu. Hiyo haiachii. Kuna watu wamezikwa nayo.

Kwa nini nilichukua zote mbili? Nilijiambia ni tahadhari.

Regis alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, amevaa ngozi ya kambale mpaka shingoni, ameniachamia kama mtoto anayesubiri kijiko.

"Hotuba yako ya Jumamosi," nilimuuliza. "Ina pierogi?"

Akafunga mdomo ili acheke vizuri. "Hotuba bila pierogi ni hotuba gani, Paulette?"

Hapa lazima niwaeleze. Mwaka tuliooana niliingia shindano la parokia la kula pierogi, vile vidonge vya unga vya Kipolandi vilivyojazwa viazi na jibini. Nikala ishirini na saba, nikashinda. Nilipokwenda mbele kupokea medali, nikavitapika vyote juu ya viatu vya padri. Regis ameisimulia hadithi hiyo kwenye ubatizo wa Noelle. Ameisimulia kwenye mahafali yake. Ameisimulia kwenye msiba wa mjomba wangu, jeneza likiwa wazi, na nilimwona mjane akicheka.

Na sasa alitaka kuisimulia mbele ya wakwe.

Wiki nzima nimewaambia watu nilikosea tyubu. Nimemwambia Justine hivyo. Nimemwambia padri, na huyo ni padri mwingine, si wa viatu. Ukimwacha mtu mmoja, ninyi ndio wa kwanza kuambiwa ukweli. Sikukosea. Mkono ulikwenda kwenye nyeupe, macho yakauona unakwenda, na hakuna aliyemzuia mwenzake.

Sikutaka kumdhuru. Nilitaka mchana mmoja tu bila pierogi.

"Yanashika?" aliuliza Justine.

"Yanashika," nilisema.

Na kweli yalishika.

Mtaa tuliopigia picha una mzee mmoja, Bwana Sokol, anayeweka kiti cha jikoni barabarani ili mtu asiegeshe gari mahali pake. Tulimwomba akiondoe kwa dakika kumi. Akasema kiti kile kimevumilia theluji mbili na hakitaondolewa na samaki. Akarudi barazani kwake.

Regis akatoka mtaroni. Akanguruma, meno yakatulia. Akawakimbiza waigizaji wetu, msichana wa benki na mtu wa mbwa, kisha akakutana na kile kiti. Mwigizaji mwingine angekizunguka. Regis alikiuma mguu, akaanza kukiburuta.

Bwana Sokol hakuwa ameambiwa kwamba kamera inazunguka. Alishuka na fagio, akampiga kambale mgongoni mara tatu, kwa utaratibu, kama anayekung'uta zulia. Regis aliliuma fagio na hakuachia.

Justine hakusimamisha kamera. Alikuwa analia kwa furaha.

"Mzee," alimwambia baadaye, "umeigiza vizuri sana."

"Sikuigiza," alisema Bwana Sokol, akarudisha kiti mahali pake.

Tulikula saa saba, pale pale barabarani. Regis alikwenda pembeni na kikombe cha maji ya moto. Akasukutua. Akasukutua tena. Akamaliza chupa nzima, kisha akaja kwangu polepole.

"Paulette. Hayathogei."

Nimesahau kuwaambia kwamba ukiwa na meno ya kambale kila "sa" na "sha" inakuwa "tha".

"Sukutua tena," nilisema, nikatazama sandwichi yangu.

"Nimethukutua mpaka ulimi umeungua. Jumamothi ni kethokutwa. Nitampelekaje mtoto altareni hivi?"

Akanionyesha. Chonge nne, mbili juu na mbili chini, na katikati yake vijino kama misumari. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri, lazima nikiri na hilo.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Noelle.

"Mama, umemwona baba? Hapokei simu. Mwambie kesho jioni kuna mazoezi kanisani, asichelewe, na mpiga picha atakuwepo."

"Baba yako yuko kwa daktari wa meno."

"Baba? Kwa hiari yake?"

"Anasafisha. Anataka apendeze."

"Jamani," alisema Noelle, na sauti yake ikalainika. "Mpe busu langu."

Nikakata simu. Regis alikuwa ananitazama juu ya zile chonge.

"Twende," nilisema.

Zahanati ilikuwa tupu, daktari amekwenda kula. Nikampitisha Regis mlango wa nyuma, nikamlaza kwenye kiti, nikatwaa koleo ndogo. Sheria inakataza fundi wa meno kugusa mdomo wa mtu. Kazi yetu ni plasta na nta, mdomo ni wa daktari. Lakini nilikuwa na nusu saa, na dhambi yangu nilitaka niiondoe mwenyewe kabla haijaonekana.

Nilivuta. Regis akapiga kelele. Nikamwekea goti kifuani ili nipate nguvu, nikavuta tena.

Daktari Amrhein ni mtu wa maneno machache na viatu visivyolia.

"Paulette," alisema nyuma yangu. "Huruhusiwi kuingiza mkono mdomoni mwa mgonjwa."

"Si mgonjwa, daktari. Ni Regis."

"Naona. Habari za siku, Regis."

"Thalama, daktari."

Nikashusha goti. Daktari alivuta taa, akatazama juu, akatazama chini. Akachukua kioo kidogo, akatazama kwa nyuma. Alichunguza kwa muda ambao mtu angeweza kusali rozari.

"Nani katengeneza haya?"

"Mimi."

"Plastiki ya nani?"

"Yako."

"Tanuri?"

"Lako. Ila saa ilikuwa yangu, daktari. Saa ya chakula."

"Ufizi umeutia mishipa," alisema. "Myekundu, na mingine ya buluu. Miaka ishirini na miwili unaniletea ufizi wa rangi moja kama sabuni."

"Hukuwahi kuniomba mishipa."

Akatoa simu mfukoni. Nikadhani anaita polisi. Akamwambia Regis ageukie dirishani, akapiga picha tatu. Kisha akairudisha simu, na uso wake ukarudi vilevile ulivyokuwa.

"Yamebandikwa na gundi gani?"

Nikaanza kuifuta koleo.

"Nauliza kwa sababu ile ya kudumu imefungiwa kabatini kwangu. Wenye ufunguo ni wawili. Fundi aliyeichukua akambandikia mtu mdomoni, huyo si fundi wangu tena. Sitaweza kumbakiza hata nikitaka, nitanyang'anywa leseni."

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Thi yeye," alisema Regis. "Nilichukua mwenyewe kwenye mkoba wake. Nikabandika mwenyewe. Thikuthoma maandithi."

Daktari alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena. "Ulijibandikia mwenyewe, ukiwa umevaa hizo." Akaonyesha mikono ya Regis, ambayo bado ilikuwa ndani ya mapezi ya mpira.

"Kwa thida," alisema Regis.

Daktari akavua miwani, akaifuta. "Vizuri. Jumatatu, Paulette, mimi na wewe tutazungumza, mlango ukiwa umefungwa. Kwa leo kuna jambo kubwa zaidi. Meno yake manne ya mbele si yake."

Nilijua. Niliyatengeneza mimi, mwaka ule alipopigwa usoni akicheza magongo kwenye barafu. Ni meno mazuri. Nilimpa kama zawadi ya kumbukumbu ya ndoa yetu.

"Nikizikata chonge, meno hayo yatatoka nazo," alisema. "Utahitaji siku ngapi kutengeneza mengine?"

"Tatu."

"Mnazo mbili." Akaelekea mlangoni. "Itachukua saa mbili na nusu. Nitamlaza usingizi, maana namjua, akisikia keekee anakimbia. Trudy ataleta fomu."

Tukabaki wawili. Chumba kinanuka karafuu, kama siku zote.

"Kwa nini umesema uongo?" nilimuuliza.

"Wewe una kazi. Mimi thina cha kupoteza. Nina meno tu, nayo yanang'olewa."

Wapenzi wasomaji, mtu akikutukana unajua la kufanya. Akikusitiri, hujui uweke wapi mikono.

"Regis," nilisema. "Sikukosea tyubu."

Hakuelewa.

"Nilijua ni ya kudumu. Niliisoma kabla sijaifungua."

Akatazama dari. Kuna bango pale juu, la bahari, kwa ajili ya watoto wanaoogopa.

"Kwa thababu ya pierogi?"

"Kwa sababu ya pierogi."

"Paulette, ni hadithi nzuri."

"Ni nzuri kwako. Kilichotapikwa mle ni kiburi changu, si chako."

Akaanza kucheka. Kama hamjawahi kumwona kambale wa kilo tisini akicheka chini ya taa ya daktari, msiombe. Nami nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika meza. Tulikuwa hatujacheka pamoja tangu mbwa wetu alipokufa, na hata pale tulicheka kwa makosa.

Kisha yeye akanyamaza kabla yangu.

"Bathi na mimi nina la kuthema." Akajaribu. "Zile karatathi, zile za mahaka..." Mate yakamtiririka kidevuni. Akajaribu tena, chonge ikamkwaruza mdomo. Mwishowe akavua pezi moja kwa meno yale yale, akaingiza mkono kifuani mwa ngozi ya kambale, akatoa kurasa zilizokunjwa mara nne, zimelowa jasho.

"Hotuba," alisema. "Ukuratha wa tatu."

Mimi si mtu wa kuanza kitabu katikati. Nikaanza mwanzo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa pierogi, vyote ishirini na saba, na viatu vya padri vimepewa aya yao peke yao. Kwa hiyo sikuwa nimemwonea. Ukurasa wa pili ulikuwa Noelle akijifunza baiskeli, Noelle na homa, Noelle na yule mvulana wa tarumbeta. Mwandiko wa Regis ni wa fundi umeme, herufi kubwa zilizosimama mbalimbali ili zisigusane.

Ukurasa wa tatu uliandikwa hivi:

"Paulette, nasema hili mbele ya watu wote kwa sababu peke yetu nimeshindwa. Zile karatasi za talaka ulizotia sahihi ukanikabidhi, nilifika nazo mpaka kwenye ngazi za mahakama. Nikanunua soseji pale nje. Nikaila nimekaa kwenye ngazi. Kisha nikarudi nazo nyumbani. Zimo ndani ya kisanduku changu cha ndoano. Kila uliponiuliza nilisema zinashughulikiwa, na baadaye ukaacha kuniuliza. Nilidhani nitazipeleka wiki inayofuata. Zimepita wiki mia moja na nne."

Nikasoma mara ya pili. Nikageuza nyuma kama kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi.

Miaka miwili nilikuwa mwanamke huru. Nilikata nywele. Niliuza kitanda. Niliacha kununua maziwa yenye mafuta mengi. Nimekula chakula cha jioni mara tatu na bwana mmoja mstaarabu sana, Eugene, fundi bomba, ambaye Jumamosi angekuja harusini kama mgeni wangu na alikuwa ameshashonesha suti.

"Ulitaka kulisema hili kanisani?" nilimuuliza.

"Ukumbini. Baada ya keki."

"Mbele ya Eugene. Mbele ya wakwe."

"Mbele ya watu mia mbili," alisema Regis. "Mbele ya watu mia mbili huwezi kuniua."

Hasira ilikuwepo, naifahamu ikija. Nyuma yake kulikuwa na kitu kingine kimejibanza, kidogo, hakitaki kuonekana. Kile nilikiogopa zaidi ya hasira.

"Kwa nini soseji?" ndilo swali lililotoka.

"Nilikuwa na njaa," alisema. "Na thikutaka kuingia."

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Trudy wa mapokezi, na ubao wenye fomu, anatafuna ubani. Trudy ameona mengi kwenye zahanati ile. Alimtazama Regis mara moja tu.

"Mgonjwa atapewa dawa ya usingizi," alisema, "kwa hiyo namtaka mtu mzima wa kumrudisha nyumbani. Paulette, ni wewe? Jina hapa. Simu hapa. Na hapa," akaweka ukucha juu ya kisanduku, "uhusiano wako na mgonjwa."

Nikaandika jina. Nikaandika namba ya simu. Nikafika kwenye kisanduku, kalamu ikasimama.

"Andika chochote," alisema Trudy. "Rafiki, jirani. Hakuna anayesoma."

Chumba cha pili keekee ililia mara moja, daktari anaijaribu. Regis akafumba macho.

Nikaandika M. Ukishaandika M hapo mbele kuna njia mbili, mke au mtalaka, na mkono wangu, ule ule wa asubuhi, ulikuwa umesimama njia panda ukisubiri macho yaseme.

Kengele ya mlango wa mbele ikalia. Hatua za haraka zikaja koridoni, na kabla Trudy hajageuka Noelle alikuwa amesimama mlangoni. Nusu ya nywele zake ilikuwa imesukwa kwa ajili ya harusi, nusu nyingine bado. Alikuwa amebeba supu ndani ya kopo, ya baba yake, aliyekwenda kwa daktari wa meno kwa hiari.

Aliziona chonge. Akaiona ngozi ya kambale. Akayaona macho yangu mekundu. Nilisubiri apige kelele, lakini Noelle ni binti yangu, na binti yangu hutazama mikono ya watu kuliko nyuso zao. Akaiweka supu juu ya meza ya plasta.

"Mama," alisema, akanyoosha mkono kuelekea zile kurasa tatu nilizokuwa bado nimezishika. "Hiyo ndiyo hotuba ya baba? Nipe niisome."